Cheti cha Msaragambo

Cheti cha Bigirimana kilipigiliwa ukutani kwa misumari minne, wakati picha ya Bikira Maria iliyokuwa pembeni yake ilining'inia kwa msumari mmoja tu. Hakuna aliyeona tatizo. Bikira Maria alikuwa anajulikana. Bigirimana ndiye aliyehitaji kuthibitishwa. Cheti kilikuwa na mhuri wa kijani, saini mbili, jogoo aliyechorwa akiwa na sura ya mkuu wa wilaya, na maneno yaliyosema kwamba Bigirimana wa Mbuba, Ngara, amehitimu mafunzo ya siku tano ya uchanjaji wa kuku. Tangu kilipopanda ukutani watu walimwita Daktari, naye aliitikia jina hilo haraka kuliko alivyoitikia la ubatizo.

Jumatatu asubuhi alifika Frednand, katibu wa tawi la Umoja wa Wachanjaji Kuku wa Ngara na Biharamulo. Aliegemeza baiskeli kwenye mgomba, akaingia na daftari kwapani, akakataa kiti. Mtu mwenye habari mbaya ya kupeleka nyumba kumi na nane hana muda wa kukaa.

"Daktari, karatasi zimekufa," alisema.

"Karatasi gani?"

"Vyeti. Kuanzia leo cheti cha karatasi ni cha kufungia maandazi. Vinakuja vya kidijitali, vinakaa kwenye simu. Alhamisi anakuja binti wa ofisi kuu na kishikwambi. Anakupiga picha ya uso, anakuuliza maswali matatu, ukipata unapewa. Friji ya chanjo haitafunguliwa tena kwa mtu asiye na cheti kipya."

Bigirimana, ambaye alikuwa akitabasamu tangu neno Daktari, aliacha kutabasamu. "Maswali ya nini tena? Mimi si nilishafaulu?"

"Basi hutapata shida." Frednand alisema hivyo akimtazama jogoo wa kwenye cheti, siyo macho ya mwenye cheti. "Na jambo lingine. Kule kijiji cha Nyamigogo kideri kimeingia. Watu wamekula kuku wiki nzima mpaka wamewachukia."

"Jumamosi ni gulio," ilisema sauti kutoka mlango wa nyuma. Alikuwa Kankindi, mama mzazi wa Bigirimana, amebeba kuni. "Wachuuzi wa kule wataleta matenga yao hapa. Hicho kideri hakitatembea kwa miguu, kitapewa lifti."

Frednand alimwamkia, akaitikiwa, akaondoka haraka. Nyuma yake uani walikuwapo kuku thelathini na wawili, wakidonoa bila wasiwasi wowote, ingawa zamu yao ya kuchanjwa tena ilikuwa imeshafika. Hao ndio waliokuwa sare ya shule ya mtoto wao Iteka, chumvi, sabuni, na nauli ya kwenda hospitali. Kideri kikiingia Jumatatu, Jumatano unabaki na manyoya. Na chanjo haifanyi kazi papo hapo. Kinga huchukua wiki mbili kukolea. Kwa hiyo kila siku iliyopita bila chanjo ilikuwa ni siku ya kideri.

Hapa ni lazima ielezwe, kwa unyenyekevu wote, jinsi cheti kile kilivyopatikana. Mbuba, kukiwa na barabara ya kulima au choo cha shule cha kujenga, huitishwa msaragambo. Katibu husoma majina ya wakuu wa kaya, na yeyote aliyetumwa na kaya hiyo huitika "Nipo." Akija mke, nipo. Akija bibi, nipo. Daftari halijali sauti, linajali jembe. Miaka miwili iliyopita, Umoja ulipoleta mafunzo, Frednand alisoma majina kutoka daftari lilelile la msaragambo, na watu wa Mbuba, ambao hawapendi kuvunja taratibu, wakafuata taratibu.

Siku ya kwanza ilikuwa na mgeni rasmi na soda, alikwenda Bigirimana. Siku ya pili haikuwa na soda. Alikwenda mkewe, Esperansia. Siku ya tatu Esperansia alimpeleka Iteka kliniki, akaenda Kankindi. Siku ya nne alirudi Esperansia, akafanya na mtihani. Siku ya tano ilikuwa ya vyeti na picha, na Bigirimana alivaa koti.

Kazi nayo iligawanywa vivyo hivyo. Kankindi alihifadhi kichupa cha chanjo ndani ya mtungi, kimefungwa kwa kitambaa kibichi, na hakuna jua wala mjukuu aliyekisogelea. Esperansia alidondosha. Bigirimana alikamata kuku, akamshikilia, na wakati huohuo akaongea na mwenye nyumba kuhusu bei ya kahawa. Kwa miaka miwili hakuna kuku aliyelalamika.

* * *

Jumanne alasiri Bigirimana aliketi kwenye kigoda mbele ya mkewe kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Esperansia alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Alichambua bila kuinua macho.

"Tuanze. Kuku mkubwa anapewa matone mangapi?"

"Mawili."

"Kwa nini mawili?"

"Ana macho mawili."

Kankindi, aliyekuwa akimenya ndizi karibu na jiko, alikohoa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa afya.

"Moja, Baba Iteka. Tone moja, jicho moja."

"Na lile jicho lingine?"

"Lile ni la kukutazama unavyokosea. Kifaranga je?"

"Nusu tone."

"Nusu unaikata na nini, panga?"

"Wewe uliza, usitukane."

"Kifaranga naye ni tone moja. Kuku anayeumwa?"

Hapo Bigirimana alijinyoosha. Hili alikuwa nalo. "Huyo ndiye wa kwanza. Ndiye mwenye shida."

Esperansia aliacha maharage. "Anayeumwa hachanjwi. Miaka miwili nayasema maneno hayo mbele yako, kila nyumba tunayoingia."

"Mimi huwa naongea na wenye nyumba."

"Tunakusikia," alisema Kankindi.

Bigirimana alisimama, akaenda kutazama banda, akarudi, akakaa, akasimama tena. Alisema hawezi kuulizwaulizwa ndani ya nyumba yake kama mtoto aliyekutwa nje ya bweni. Alisema yeye ni mtu wa vitendo. Alisema pia kwamba hata madaktari wa binadamu hufungua kitabu. Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Basi niende mimi," Esperansia alisema polepole.

"Uende wapi? Cheti kina jina la nani?"

"Lako. Sijasema jina. Nimesema mimi."

Maneno hayo yalibaki pale uani, na Bigirimana akayazunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Aliwaza atakavyopita sokoni Jumamosi, na mama wa mashine ya kusaga akiita, "Wewe Bigirimana, sogeza mguu." Hilo tu. Hata kideri hakikumwogopesha namna hiyo, ingawa asingethubutu kulisema.

Kabla hajajibu aliingia Celestini, jirani yao, naye daktari. Alikuwa na kalamu na kiganja kitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Celestini. Umekuja kuchanjwa?"

"Nimekuja kusoma na mwenzangu. Daktari, nipe majibu nijiandikie hapa mkononi. Siku zile kwangu alikwenda mke wangu, na sasa yuko Nyarubungo kwa dada yake aliyejifungua. Nimempigia, ananiambia niulize kuku."

Esperansia alimsomea yote, tangu idadi ya matone mpaka miezi ya kurudia, na Celestini akaandika kiganjani, kwenye vidole, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Bigirimana alitazama kwa wivu wino ule ukijaa. Yeye alijiheshimu mno, asingeweza kujiandika mwilini.

* * *

Alhamisi, chumba cha tawi kilijaa wanaume waliovaa nguo za misa. Wake zao walikuwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, wamekuja tu kwa bahati, wote kumi na saba, ukiondoa wa Celestini.

Binti wa ofisi kuu aliitwa Dafroza. Alikuwa na sauti ya upole kiasi cha kutisha. Mezani aliweka kishikwambi, mashine ndogo ya kutobolea karatasi, na kichupa cha maji chenye mdomo wa kudondoshea. Frednand alikaa pembeni yake na lile daftari, akiita majina.

Celestini aliitwa wa kwanza. Joto na woga vilikuwa vimefanya kazi yao. Alipofungua kiganja kusoma jibu la kwanza, alikuta wino umekuwa ziwa. Alikosa mara mbili, akatoka nje ameshika mkono kama aliyeungua.

"Bigirimana!"

"Nipo," aliitika, na huenda hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jina hilo kuitikiwa na mwenyewe mahali pale bila soda.

Kishikwambi kilimwamuru atazame mbele, afumbe macho, afumbue, ageuke kushoto. Alitii kama yuko gwarideni. Uso wake ukaingia ndani ya mashine, umekunja ndita, umetulia hapo.

"Karibu, baba," alisema Dafroza. "Kuku huchanjwa kideri kila baada ya muda gani?"

"Miezi mitatu."

Kioo kikawa kijani. Nyuma yake mtu alisema, "Daktari huyo!" Bigirimana akafungua kifungo cha koti.

"Chanjo ikishafunguliwa, mwisho wa kutumika ni lini?"

Alijua kulikuwa na kitu hapo. Alimwona mama yake kichwani, akimwaga kichupa nyuma ya choo huku akisema jambo fulani. Alisema nini? Siku hiyo alikuwa akitafuta redio.

"Inatumika mpaka iishe," alijibu.

Kioo kikawa chekundu. Wanaume wote walianza kukohoa kwa pamoja, maana kila mmoja alikuwa ameshaandaa jibu hilohilo.

"Ni siku mbili, baba. Una nafasi moja iliyobaki. Ukikosa tena, namba ya cheti chako inafungwa miezi mitatu. Ukipenda, badala ya swali, fanya vitendo."

"Vitendo!" Bigirimana alisema kwa furaha ya mtu aliyeokolewa. "Leteni kuku."

Frednand alileta kuku mwekundu, mkorofi, wa kuazimwa. Bigirimana alimpokea kwa mkono mmoja, akabana mabawa, akamlaza kifuani, na kuku akatulia kama mtoto aliyeshiba. Chumba kizima kiliguna kwa heshima. Hata Dafroza alisogea mbele kwenye kiti.

Kisha akampa kichupa cha maji.

Bigirimana alikishika. Alikuwa ameona jambo hili likifanyika mara elfu mbili, na mara zote elfu mbili alikuwa akitazama upande mwingine. Kichupa kinagusa jicho au hakigusi? Unasubiri kuku apepese au unakimbia? Mkono wake ulikwenda kwenye mdomo wa kuku, ukasita, ukapanda kwenye tundu la pua, ukasita tena. Jasho lilimtoka mpaka ndani ya koti.

Akainua macho dirishani. Esperansia alikuwa pale. Hakumpa ishara yoyote; alikuwa akimtazama kuku. Pembeni yake Kankindi alikuwa amejivuta kope kwa vidole viwili, jicho limetoka nje, na kwa mkono mwingine alikuwa akijidondoshea hewa.

"Bibi wa pale dirishani," Dafroza aliita, "una shida ya jicho?"

"Nina shida ya mtoto," Kankindi alijibu.

Walicheka wote, ndani na nje. Bigirimana hakucheka. Miezi mitatu. Keshokutwa gulio, na matenga ya Nyamigogo. Alimtazama kuku mwekundu aliyetulia mikononi mwake akimwamini, naye kuku akampepesea jicho. Akaweka kichupa mezani.

"Binti," alisema, "mimi nilikuja siku mbili. Ya soda na ya picha."

Kicheko kilikatika.

"Siku nyingine alikuja nani?"

"Mke wangu. Na siku moja mama, huyo wa jicho."

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina la kaya. Kama msaragambo."

Dafroza alishusha pumzi. "Msaragambo naujua, baba. Babu yangu aliitikiwa na shangazi zangu mpaka anaingia kaburini. Mimi nakuelewa. Hiki," akagonga kishikwambi kwa ukucha, "hiki hakielewi. Kinataka uso mmoja na kichwa chake. Cheti kilichopatikana hivyo kinafutwa. Na wewe hutaruhusiwa kushika chanjo mpaka usome upya."

"Futa. Lakini yeye muulize."

"Nitamuuliza leo hii, kama katibu ataweka saini kwamba alimwona mafunzoni."

Macho yote yakahamia kwa Frednand. Frednand alifungua daftari taratibu, akalitazama kana kwamba limeandikwa na adui yake. "Hapa naona Bigirimana, vema tano," alisema. "Siku zote tano. Mimi naenda na daftari."

Nikisaini mmoja, aliwaza, nimesaini kumi na wanane. Na alikuwa sahihi.

Esperansia alikuwa ameshaingia. Alisimama mbele ya meza, mikono imefumbatwa. "Katibu, siku ya pili ulinipa nishike kuku mweupe wa mwalimu. Akakunyea kwenye shati. Nikakupa kanga yangu ujifute."

"Sikumbuki kanga yoyote."

"Na mimi?" Kankindi alipitisha kichwa dirishani. "Siku ya tatu wewe ndiye uliyekuwa unagawa wali. Uliniangalia hivi, usoni, ukasema, 'Bigirimana, ongeza mchuzi.' Nikaongeza. Mbona mchuzi ulinijua?"

Hata Frednand alicheka, kisha akajutia, kisha akaomba kalamu. Aliandika tarehe, akakosea, akaikata, akaandika nyingine. Kabla wino haujakauka wanawake walikuwa wanaingia mlangoni mmojammoja, na wanaume wanarudi nyuma kuelekea ukutani wakishughulika sana na vifungo vyao. Celestini alipenyeza kichwa. "Samahani, binti. Wangu yuko Nyarubungo. Nimpigie, au na yeye lazima alete uso?"

Esperansia alijibu maswali matatu kabla kishikwambi hakijamaliza kuyaonyesha. Dafroza akamwongezea la nne ambalo halikuwamo: nyumba yenye ugonjwa unafanyaje?

"Unaiacha mwisho. Hao wanaoumwa huwagusi. Ukitoka unaosha miguu na viatu, hata kama mwenye nyumba atakuona una dharau."

Dafroza alilinakili jibu hilo kwenye karatasi yake mwenyewe. Kisha akampiga picha. Esperansia hakutabasamu. "Namba ya simu?" Dafroza aliuliza.

Simu ya nyumba ilikuwa moja, ya kupangusa, kioo kimepasuka pembeni, na ilikuwa mfukoni mwa koti la Bigirimana. Esperansia alitaja namba. Muda si mrefu koti lilitetemeka. Bigirimana akaitoa simu, akasoma kimya, akamnyooshea.

"Nisomee," alisema Esperansia. "Mikono yangu ina kuku." Na kweli alikuwa ameshapewa yule mwekundu.

Bigirimana alisafisha koo. Alisoma mbele ya wanaume wa Mbuba, wake zao, na mama yake. "Hongera, Esperansia. Umethibitishwa kuwa mchanjaji kuku wa jamii. Onyesha ujumbe huu na uso wako kupata chanjo."

Dafroza alichukua cheti cha karatasi ambacho Bigirimana alikuwa amekibeba ndani ya gazeti, akakitoboa matundu mawili. Moja lilipita kwenye mhuri. Jingine lilimpata jogoo kifuani.

* * *

Ijumaa mtunza friji aliishika simu kando ya uso wa Esperansia, akalinganisha moja na nyingine kwa umakini wa askari wa mpakani, ingawa walikuwa wamebatizwa siku moja. Kankindi alikitia kichupa kwenye mtungi. Ukutani, kwenye ile misumari minne, alikuwa ameshatundika chekecheo, vitunguu, na rozari yake. Msumari mmoja ulibaki wazi, na Bigirimana aliupita mara nyingi siku hiyo, akiugusa kuona kama umelegea.

Jumamosi kabla jua halijachomoza walikuwa wameshamaliza thelathini na wawili wa kwao na kufika kwa Ildefonsa, mjane mwenye kuku tisa na maneno mengi. Kuku walikuwa bado ndani. Kule barabarani baiskeli za wachuuzi zilikuwa zimeanza kupita kuelekea gulioni, matenga yamefungwa nyuma, na kutoka ndani ya matenga vilisikika vikohozi vidogo vya kuku wa mbali. Kankindi, Esperansia na Bigirimana walivisikia, wakageukia banda.

"Daktari, karibu!" Ildefonsa alimnyooshea mkono Bigirimana. "Lete habari. Kahawa mwaka huu wanasemaje?"

Mdomo wa Bigirimana ulikuwa umeshafunguka. Habari za kahawa zilikuwa pale pale kwenye ulimi, nyingi na mpya. Akaufunga.

"Daktari huyo," alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mimi ni wa kukamata."

Ildefonsa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Esperansia alikuwa akitikisa kichupa karibu na sikio. Bigirimana akainama kwenye mlango wa banda, akaingiza mkono gizani, akatoka na tetea wa kwanza. Akambana mabawa, akamgeuza jicho juu. Kisha akasogeza kichwa karibu, karibu sana, mpaka Esperansia akamwambia, "Nipe nafasi," na kwa mara ya kwanza akaangalia tone linaangukia wapi.